Ndoo Nne kutoka Bwawa Jeusi

Kila kiangazi, mto ulipokauka na watu wa Kimali walipoanza kuchimba mchangani, kulikuwa na mtu mmoja aliyeitwa kabla ndoo ya kwanza haijajazwa. Jina lake Nyamizi Limbu, ingawa wengi walimwita Mama Jenifer kwa ajili ya binti yake wa kwanza. Alikuja na kata yake ya kibuyu, akateka kidogo, akayaweka maji chini ya ulimi na kufumba macho. Kisha akayatema pembeni na kusubiri. Huko kusubiri ndiko kulikuwa kazi yenyewe, aliniambia siku moja, kwa sababu maji mengine husema uongo yakiwa mdomoni na ukweli hutokea ukishayatema. Ndipo akasema: haya ni ya chai. Haya hayataivisha maharage. Haya wapeni ng'ombe wakubwa, ndama wasiyaguse.

Hakuna aliyembishia. Hata shemeji yake Mashimba, ambaye hubishana na redio, aliondoa ndama.

Alizaliwa Sapiwi, kwenye mashamba ya pamba, na kuonja alifundishwa na mama yake. Aliolewa Kimali akiwa na miaka kumi na tisa. Mumewe, Maige, alifariki miaka tisa iliyopita, akamwachia ng'ombe saba na maneno mengi ya ndugu waliotaka wale ng'ombe warudi kwenye ukoo. Mashimba, kaka wa marehemu, ndiye aliyesimama kwenye kikao akasema, "Huyu mama hatoki na ng'ombe hawatoki. Mwenye shida aje kwangu nimpe wa kwangu." Hakuna aliyekwenda. Mabinti zake wote wameolewa mbali. Jenifer anauza dagaa Lamadi. Nilipohamishiwa kata ile kuwa afisa mifugo, Nyamizi alikuwa anaishi peke yake na ng'ombe wale saba, na mimi nilikuwa napenda kupita kwake kwa sababu alikuwa mtu asiyeuliza kwa nini sina watoto.

Kampuni ilikuja mwaka wa pili wa kukaa kwangu. Ilikuja kutafuta mafuta na gesi, ikasimamisha mnara wake upande wa mbuga, ikachimba majuma mengi. Gesi ilipatikana kidogo, kidogo sana, lakini pamoja nayo yakapanda maji, na maji hayakuisha. Ya moto, ya chumvi, yenye utando wa rangi rangi juu kama ule unaouona kwenye dimbwi la gereji.

"Sisi tumetafuta maji tangu babu zetu tukapata jua," alisema Mashimba. "Hawa wametafuta mafuta wakapata maji. Mungu amechanganya anwani."

Maji yale hayakuruhusiwa kumwagwa ovyo. Kwa hiyo kampuni ikajenga mahali pa kuyasafisha. Fundi wao aliitwa Constantine, kijana wa Dar es Salaam, mpole, aliyekuwa anatoka jasho kwa jua lile mpaka uso ukang'aa kama umepakwa mafuta ya nazi. Alinitembeza. Tangi la kwanza linaacha mafuta yaelee, yanaenguliwa. La pili lina mchanga na makaa. Halafu kuna mashine yenye chujio jembamba mno, maji yanasukumwa humo kwa nguvu, na chumvi yenyewe inashindwa kupita. Yanayopita ni masafi. Yanayobaki, yenye chumvi yote na kila kilichoondolewa, yanakwenda kwenye bwawa lililotandikwa plastiki nyeusi, yakauke kwa jua. Yale masafi walikuwa wanayatumia tena kuchimbia na kumwagia barabara isitimue vumbi. Na kwa kuwa yalizidi, na kwa kuwa kilikuwa kiangazi kibaya, kampuni ikasema itavuta bomba la mita mia nne mpaka kwenye birika la saruji, ng'ombe wa kijiji wanywe bure.

Mkutano wa kijiji uliofuata ndio ulioanza kutuchanganya.

"Maji haya yanatoka chini na gesi," alisema Constantine. "Yakiwa hivyo hayafai kabisa. Tukishayapitisha kwenye mitambo yanakuwa safi. Yaani, kusema ukweli, ni safi kuliko ya mto wenu."

Mashimba akainuka. "Mwanangu, swali dogo. Ni safi kuliko ya mto?"

"Ndiyo, mzee."

"Ya mto tunakunywa."

"Ndiyo."

"Basi haya tutakunywa."

"Hapana, mzee. Haya ni ya mifugo tu. Kibali kinasema mifugo."

"Kwa hiyo machafu tunywe, masafi tusinywe."

Watu wakacheka. Constantine alicheka nao, akanitazama nimsaidie, nami nikatazama daftari langu. Nilikuwa nimesoma kile kibali mara tatu. Kila sentensi ilieleweka. Nilipoziweka pamoja sikuelewa.

Mkutano ulikubali kwa majaribio ya siku kumi na nne. Ng'ombe wakizoea, bomba litabaki mpaka mvua. Wasipokuja, maji yote yatarudi barabarani. Hakukuwa na mtu ambaye hakujua maana yake. Mto wetu ulikuwa umebaki mashimo ya kuteka kwa kata, ya watu tu. Maji mengine ya ng'ombe yalikuwa Sibiti, mwendo wa saa tano kwenda na tano kurudi, na mwaka ule ng'ombe walikuwa wameshaanza kuonekana mbavu. Wanakijiji wakamchagua Nyamizi awe mtunza birika: kufungua koki, kusafisha, kuandika ng'ombe wangapi wamekunywa. Hawakuhitaji hata kujadili. Mwonja maji ni nani mwingine?

Siku ya kwanza aliyaonja mbele ya watu wote. Akafumba macho, akatema, akasubiri. Akasubiri tena. Akaonja mara ya pili, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

"Vipi, mayu?" nikamuuliza, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Hamna mtu humu," alisema polepole.

"Maana yake nini?"

"Sijui. Maji yana mwenyewe. Ukionja ya mchangani unasikia mchanga, ya lambo unasikia tope. Haya... ni kama yameoshwa mpaka yakasahau jina lao." Akawageukia watu. "Si mabaya. Ubaya sijausikia. Leteni ng'ombe."

Wakaleta. Ng'ombe walikwenda mbio kwa kiu mpaka kwenye ukingo, wakaingiza pua, wakapuliza, wakatoa pua. Wengine walikunywa mafunda mawili. Fahali la Mashimba lilizunguka birika zima kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, halafu likaondoka. Na kibaya zaidi, kundi lote likaanza kuelekea upande wa pili, kwenye seng'enge ya kampuni, ambako upepo ulileta harufu ya lile bwawa jeusi. Wakasimama pale wakilamba waya.

Sasa jiweke mahali pa watu wa Kimali. Ng'ombe wa kule hupenda chumvi kuliko majani. Mwisho wa kiangazi wachungaji huwapeleka mahali penye udongo mweupe wakalambe, na mtu mwenye ndama dhaifu hununua magadi akamkorogea. Kila mtoto anajua kwamba ng'ombe akikataa maji, usiyanywe, na akiyafuata, yafuate. Na hapa ng'ombe wote, wa kila boma, walikuwa wanakataa yale yaliyosafishwa na kuyalilia yale yaliyokatazwa.

"Ng'ombe hana kibali," alisema Mashimba, "lakini ana pua."

Mimi niliwaambia wawape muda, watazoea. Ni jibu lililoko kwenye vitabu. Siku ya tatu walikuja ng'ombe thelathini, siku ya tano kumi na tisa. Siku ya sita Nyamizi aliandika kwenye daftari namba saba, na hao saba walikuwa wake.

Aliyoyafanya siku ya saba sikuyajua wakati ule. Nayaandika hapa kama alivyonisimulia baadaye.

Ilikuwa saa saba mchana. Wafanyakazi wa kampuni walikuwa wanakula, jenereta limezimwa, na mlinzi wa lango alimjua kama mtunza birika, kwa hiyo hakumuuliza. Alikwenda mpaka kwenye bwawa jeusi na kuchovya kidole. Chumvi kali, na nyuma yake uchungu asioujua. Alitema, akasubiri. Ule uchungu haukuondoka upesi. Lakini alimkumbuka mama yake akikoroga magadi ya ndama, nayo machungu vilevile. Akajiambia: hawa vijana wameondoa chumvi, wamedhani chumvi ni uchafu. Wao si wafugaji. Chumvi ndiyo hii hapa, imelala kwenye plastiki haina kazi. Ni ya maji haya haya. Kuirudisha kidogo ni kumrudishia mtu mali yake.

Akateka ndoo mbili, akamimina birikani. Akarudi kwa mbili nyingine. Birika lilikuwa na lita elfu tatu. Akakoroga kwa mti, akaonja.

"Dokta, yalikuwa matamu," aliniambia. "Yalikuwa maji."

Jioni ile ng'ombe wake walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Asubuhi walikuja wa Mashimba. Siku ya tisa walikunywa ng'ombe sitini na wanne, siku ya kumi na moja zaidi ya mia, na watu wa Kimali wakaanza kuwatania wachungaji waliokuwa wakirudi Sibiti wamejaa vumbi. Constantine alipiga picha akazituma kwa wakubwa zake. Mimi niliandika ripoti kwenda Bariadi: mifugo imezoea. Niliandika hivyo, na nikaweka saini.

Kila saa saba mchana, ndoo nne.

Constantine alikuwa anapima maji kila asubuhi mahali yanapotokea kwenye mashine. Kipimo chake kidogo cha mkononi, cha kupimia chumvi, kilisoma mia moja themanini, siku zote, naye akaridhika. Siku ya kumi na mbili, sijui kwa nini, labda kwa furaha tu ya kuona ng'ombe wengi, alitembea mpaka birikani akakichovya huko. Kikasoma elfu moja na mia saba.

Akakipangusa, akachovya tena. Elfu moja na mia saba. Akarudi mbio kwenye mashine: mia moja themanini. Akaja birikani.

"Mama Jeni," alisema, "maji yanatoka kule hayana chumvi, yanafika hapa yana chumvi. Yanakutana na nini njiani?"

Nyamizi alikuwa anafagia. Aliniambia kwamba angeweza kusema wakati ule. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Mashimba alikuwa amesimama pale na ng'ombe wake, na wengine, na wote walikuwa wanamtazama kwa ule uso wa shukrani. "Sijui, baba," akasema.

Constantine akageuka rangi. Bomba lilipita karibu na bwawa jeusi. Kwa akili yake kulikuwa na maelezo ya namna moja tu: plastiki imetoboka, maji ya bwawa yanazama ardhini na kuingia kwenye bomba. Na kama yanaingia kwenye bomba, yanaingia pia kwenye udongo, yanaelekea kwenye mashimo ya watu ya kunywa. Siku ileile akafunga koki, akasimamisha mashine, akatoa taarifa, na asubuhi vibarua wakaanza kulifukua bomba.

Walifukua siku tano. Ardhi ya mbuga ikikauka ni kama kuvunja chungu. Nyamizi, asiye tena na birika la kutunza, alikuwa anawapelekea uji. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro akiwatazama wakigonga, wakipangusa bomba, wakilikagua kila pingili, zima, wakisonga mbele. Kijiji nacho kikaanza kusemeana. Wengine walisema wazee waliolala chini wamekasirika kwa kuibiwa maji yao. Wengine walisema kampuni ilijua tangu mwanzo. Wanawake waliacha kuteka mtoni, wakawa wanafuata maji mbali, kwa hofu ya kuvuja kusikokuwepo. Na ng'ombe wote, mia na zaidi, wakarudi kwenye njia ya Sibiti.

Siku ya tano ya kufukua, ng'ombe mmoja wa Mashimba alitupa mimba njiani.

Niliitwa mimi. Nilimkuta Mashimba amechuchumaa nyuma ya zizi na ndama aliyembeba kutoka njiani, hana utani hata mmoja. Alikuwa ndama jike, miezi saba hivi, amekamilika mpaka kope. Nilichukua damu ya mama, nikavaa glavu nikafanya yale tuliyofundishwa chuoni. Nyamizi alikuja akasimama nyuma yangu. Nilipokwenda kunawa alinifuata mpaka kwenye pikipiki, na pale, huku akiangalia tairi, akaniambia yote: kidole, uchungu, ndoo nne, siku ngapi.

Kisha akauliza, "Ni mimi?"

Huenda ilikuwa chumvi, lakini chumvi ya kiasi kile ng'ombe huivumilia. Huenda ulikuwa ule uchungu, ambao ni vitu vingine vilivyobaki bwawani baada ya kusafisha, mabaki ya mafuta na vingine vyenye majina marefu, na hivyo sikujua kiasi chake. Huenda ilikuwa njia ya Sibiti, saa kumi kwa siku, kwa ng'ombe mwenye mimba na njaa. Lakini kwenye njia ya Sibiti alirudishwa na nani? Huenda pia ulikuwa ugonjwa wa kutupa mimba, ambao uko kata nzima na hauhitaji maji ya mtu yeyote.

"Mayu, sijui," nikasema.

"Wewe si umesoma?"

"Nimesoma."

Alitikisa kichwa, si kwa dharau. Nadhani alinihurumia. Nilikuwa nimeona ng'ombe wakilamba waya, na ningeweza siku ile ya kwanza kusema maneno manne, wawekeeni mawe ya chumvi, yale ya kulamba yanayouzwa kila duka la mifugo Mwanhuzi. Sikuyasema kwa sababu niliulizwa kuhusu maji, nikajibu kuhusu maji.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Bomba wamefika wapi?"

"Wamebakiza kidogo."

"Wakimaliza bila kuona tundu watafunua plastiki ya bwawa lenyewe waikague. Au wataondoka kabisa."

Akageuka akaondoka. Nilimwona akikata katikati ya shamba la mabua ya mtama, moja kwa moja kwenye mtaro. Niliacha pikipiki nikamfuata kwa miguu.

Constantine alikuwa ndani ya mtaro, tope kavu mpaka kwenye nyusi. Nyamizi alisimama juu yake.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, Mama Jeni. Uji leo umekuja mapema."

"Sina uji. Hilo bomba ni zima. Ni mimi nilikuwa natia maji ya bwawa birikani. Ndoo nne kila mchana, mkiwa mnakula."

Vibarua wakaacha kugonga. Constantine alimtazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha nyingine. Kisha akakaa juu ya bomba.

"Ndoo nne," akasema.

"Za lita ishirini."

Akahesabu kwa midomo. Niliona hesabu ikimtokea usoni, ikikubaliana na kipimo chake, na kwa kitambo kidogo akawa na furaha, furaha kabisa, ya mtu aliyepata jibu. Halafu ikaondoka.

"Mama, unajua nimefukua mita ngapi?"

"Mia tatu arobaini. Nilikuwa nahesabu."

"Ulikuwa unahesabu!" Akacheka, akajifuta, na ule mkono ukabaki machoni. "Lakini kwa nini? Mimi nimekaa miezi mitatu natoa kile kitu."

"Walikuwa hawanywi, baba. Na mlisema wasipokunywa mtafunga."

Kibarua mmoja aliuliza kama siku ya leo itahesabiwa ni siku ya kazi, akaambiwa ndiyo.

Habari ilifika kijijini kabla yetu. Sitasimulia matusi. Mwenyekiti, Marcelo, aliitisha mkutano, na Nyamizi akarudia maneno yaleyale, kwa kifupi kilekile, akiwa amesimama. Aliulizwa kama maji ya bwawa ni sumu. Akasema hajui. Aliulizwa ulimi wake ulimwambia nini. Akasema ulimwambia yana uchungu, naye akaujibu kwamba ni magadi. Mashimba alikuwa amekaa nyuma kabisa, kofia imefunika macho.

Sampuli nilizipeleka mwenyewe Bariadi, na kutoka kule zikapelekwa mbele. Baada ya siku tisa majibu yalikuja, karatasi mbili. Maji ya bwawa jeusi hayafai kwa kiumbe chochote. Maji ya birika, yale yaliyochanganywa, hayakuvuka kiwango kinachoruhusiwa kwa mifugo kwa vitu vyote vilivyopimwa. Vitu viwili havikupimwa, dawa za kupimia zilikuwa zimeisha. Damu ya ng'ombe wa Mashimba haikuonyesha ugonjwa, lakini chupa ilifika ikiwa imepata joto, kwa hiyo kipimo kirudiwe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa ameshauzwa mnadani.

Nilizisoma mbele ya mkutano. Nilipomaliza, Marcelo akasema, "Kwa hiyo, Dokta, jibu ni nini?" Nikazisoma tena.

Kampuni haikuwa na hasira nyingi kama tulivyoogopa. Nadhani walifurahi mno kusikia plastiki haikutoboka. Walizungushia bwawa uzio wa pili. Walimwondoa Nyamizi kwenye birika, wakaweka mtu wao. Wakalisafisha, wakafukia mtaro, wakakubali nining'inize mawe ya chumvi pembeni mwa birika, mekundu, manne. Na wakasema: koki itafunguliwa wiki moja. Ng'ombe wakija, itabaki mpaka mvua. Wasipokuja, ni barabara.

Asubuhi ya kufunguliwa kulikuwa na watu wengi na ng'ombe wengi, wote wamesimama mbali. Maji yalijaa birika. Constantine alichovya kipimo akasoma kwa sauti, mia moja themanini, kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Hakuna aliyesogea. Kila mchungaji alikuwa anamtazama mwenzake. Baadaye, bila kukubaliana, wakaanza kumtazama Nyamizi, ambaye alikuwa amesimama na saba wake pembeni, kama mtu asiyehusika.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mimi sina neno tena."

Lakini aliwasukuma ng'ombe wake. Walikwenda kwanza kwenye mawe, wakalamba mpaka mate yakaning'inia, kisha mmoja akageuka na kuinamisha kichwa birikani, akanywa, na wengine wakafuata. Walikunywa yale maji yasiyo na mtu ndani kwa muda mrefu. Watu walitazama mpaka mwisho. Halafu waliswaga ng'ombe wao, wote, kwenye njia ya Sibiti.

Siku ya pili, saba tena. Siku ya tatu hivyohivyo. Watu walikuwa wanapita karibu na boma la Nyamizi asubuhi, wakihesabu kwa macho kama wote saba wamesimama.

Siku ya nne nilikuwa nimekwenda kukaza kamba za mawe ya chumvi nilipoona vumbi. Alikuwa Mashimba na kundi lake lote, ishirini na sita. Alisimama hatua chache kutoka kwa Nyamizi, na walikuwa hawajasemeshana tangu mkutano.

"Shemeji," alisema, "wako hawajafa bado?"

"Bado."

"Umewachelewesha. Nilikuwa nasubiri nyama."

"Utasubiri."

"Na hawa wangu wakifa nitahamia kwako. Nitakula ugali wako mpaka nikuzike."

"Chakula chenyewe hutakipenda." Nyamizi alikuwa anawaangalia ng'ombe, si yeye. "Wenye mimba humo wangapi?"

"Wanne."

"Hao waondoe. Waende Sibiti."

Mashimba akavua kofia. "Kwani maji si salama? Si umenywesha wako siku tatu?"

"Wangu hawana mimba."

"Dokta amesoma karatasi mara mbili. Imesema salama."

"Basi muulize Dokta."

Akanigeukia. Nilisema kilichoandikwa, kwamba maji ya sasa ni masafi. Nikasema pia kwamba njia ya Sibiti ni mbaya kwa ng'ombe mwenye mimba kuliko maji haya, kwa kadiri ninavyojua. Niliona Nyamizi akitikisa kichwa kwa kila neno, akikubali, na nilipomaliza akasema kwa sauti ileile, "Ni kweli. Lakini hao wanne waondoe."

Mzee alisimama pale jua likimpiga kipara. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaitazama njia ya Sibiti. Kundi lilikuwa linasukumana kuelekea kwenye mawe. Mwishowe aliingia katikati yao na fimbo, akitukana kwa Kisukuma, akawatoa wale wenye mimba mmojammoja mpaka wakawa wanne pembeni. Akawaangalia. Kisha akawagawa: wawili akawarudisha birikani, na wawili, yeye mwenyewe nyuma yao, akawaswaga kwenye njia ya Sibiti.